Bahari Yetu ya Port Bell

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha viumbe vya bahari kwa sababu babu wa babu yangu alikuja Kampala kutoka pwani pamoja na msafara wa pembe. Sikuwa na sifa nyingine. Bahari yenyewe sikuwa nimeiona. Baba yangu hakuiona, wala baba yake. Sisi tulikuwa watu wa duka la vitambaa na chuo cha Kurani, na maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ya pipa la mvua nyuma ya jikoni. Lakini wenzangu wa chuo kikuu waliamua kwamba mtu anayeongea Kiswahili nyumbani kwao, badala ya kukiongea na askari tu, lazima ana chumvi kidogo mwilini. Wakanyoosha mikono. Nami nikakubali kwa unyenyekevu wa mtu ambaye alikuwa akitamani cheo tangu shule ya msingi.

Chama kilianzishwa na mhadhiri mmoja Mzungu aliyezaliwa kisiwani na ambaye, nadhani, alikuwa akiumwa na hamu ya kwao. Kila Alhamisi alasiri, katika chumba kidogo kilichonuka fomalini, dawa ya kuhifadhia viumbe waliokufa, alitufundisha habari za viumbe ambao hata yule aliyekuwa karibu zaidi angehitaji kufuatwa kwa treni mchana kutwa na usiku kucha. Wageni walipoanza kuondoka nchini, wengine kwa kufukuzwa na wengine kwa kuzisoma dalili, naye aliondoka. Alituachia ufunguo wa stoo kama mtu anayemwachia jirani paka. Ndani mlikuwa na chupa za viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, pweza mwenyewe mmoja aliyefifia mpaka akawa na rangi ya mshumaa, vitabu vichache, na makopo ambayo hatukujua yote yalikuwa na nini.

Alituachia pia desturi. Ndani ya chama hakuna aliyeruhusiwa kutamka neno "ziwa". Tulipokwenda bandari ya Port Bell na nyavu zetu za kukamatia vijidudu vya majini, tulisema tunakwenda baharini. Ukingo wa matope ulikuwa ufuko. Meli ya kubeba mabehewa ya treni ilipopita na kuyatikisa matete, hilo lilikuwa wimbi. Aliyeteleza akasema "ziwa" aliadhibiwa kwa kubadilisha fomalini ya chupa zote, kazi iliyomtoa mtu machozi mpaka wakati wa chakula cha jioni. Baada ya miezi michache hakuna aliyeteleza tena. Wageni waliotutembelea walicheka. Sisi hatukucheka, maana tulikuwa tumeshazoea, na mazoea hayo yalikuja kutuponza.

Msikilizaji wa leo huniuliza kwa nini, katika miaka kama ile ya utawala wa jeshi, vijana wenye akili timamu walikusanyika kuzungumza juu ya pweza. Jibu ni kwamba pweza hana kabila. Katika kumbi za mihadhara viti vilibaki vitupu na hakuna aliyeuliza mwenye kiti amekwenda wapi. Tulikaa tukiuelekea mlango. Gari likisimama nje na injini ikaachwa ikiunguruma, profesa alipoteza mstari aliokuwa akiusoma, nasi tukajifanya hatukuona. Kulikuwa na masomo ambayo mtu aliyaacha katikati, historia kwa mfano, kwa kuhofia yatamfikisha mahali. Samaki hawakukufikisha popote. Hivyo tulivyodhani.

Mweka hazina wetu, ambaye hakuwa na hazina yoyote ya kuweka, alikuwa rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja. Baba yake alikuwa sajenti wa polisi na walikaa katika nyumba za askari kule Naguru. Baba Mkristo, mama Mwislamu, kwa hiyo nyumbani kwao walisherehekea sikukuu zote na kugombana katika zote. Asili yao ilikuwa kaskazini. Jina lake lilikuwa refu kama yeye mwenyewe, na kila aliyelisikia alijua mara moja wilaya aliyotoka. Siku zile wilaya hiyo ilitosha. Makambini watu wa kwao walikuwa wameitwa pembeni na hawakurudi mistarini. Baba yake alibaki kazini kwa sababu ambazo hakuna aliyezijua, yeye mwenyewe akiwemo, na kila asubuhi alipiga pasi sare yake kama mtu anayejiandaa kwa mazishi ambayo hajaambiwa ni ya nani.

Rafiki yangu alikuwa na taratibu zake. Hakutaja jina lake mpaka aulizwe mara ya pili. Njiani alitembea katikati yetu, ingawa kichwa chake kilichungulia juu ya vyetu vyote kama mlingoti. Aliniita Sheikh wa Chumvi, na mimi nilimwita Hazina Tupu, na kwa utani huo tulimaliza mwaka mzima bila kulitamka jina lile mbele za watu.

Siku moja tulikubaliana tuchunguze maji ya ghuba ya Port Bell yanaelekea wapi. Kitabu kimoja cha mhadhiri kilieleza namna ya kufanya: unamwaga unga wa rangi usio na madhara, kisha unakaa na kuitazama rangi inavyosafiri. Kopo la unga huo lilikuwemo stooni. Kitabu kilitaja kiasi cha unga kwa ghuba ya ukubwa fulani, na kikaahidi kwamba maji yakianza kupwa rangi yote itakuwa imechukuliwa kwenye kina kabla ya jioni. Nilikisoma kifungu hicho mbele ya chama kwa sauti ya khatibu. Hakuna kichwa hata kimoja kilichotikisika kwa shaka. Kopo zima, kilisema kitabu, nasi tukabeba kopo zima.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Karani wa bandari alitufahamu. Alikuwa ameshazoea kutuona na nyavu zetu na alituona wendawazimu wa aina isiyodhuru. Tulikuwa wanne. Wawili walikwenda kutafuta mihogo ya kukaanga, mimi na rafiki yangu tukabaki mwishoni mwa gati na ndoo. Tulikuwa tumesahau mti wa kukorogea, kwa hiyo nilikoroga kwa mikono, kama anayekanda unga wa maandazi.

Unga wenyewe ulikuwa mwekundu kama tofali lililosagwa. Ulipoingia majini ukawa kijani. Sisemi kijani cha majani wala cha bendera. Kilikuwa kijani cha kitu kinachowaka kwa ndani, kama macho ya paka taa inapompiga. Kilishuka kikatanda chini ya gati, kikajikunja, kikajinyoosha, na sisi tukashikana mikono kwa furaha ya watu ambao kwa mara ya kwanza walifanya jambo lililokuwa kitabuni likatokea kweli.

Halafu tukangoja kiondoke. Hakikuondoka. Kilipanuka. Kilijaza nafasi ambapo meli ya mabehewa hufunga gati, kikaingia kwenye matete, kikaendelea polepole kandokando ya ukingo kuelekea upande ambako kuta za gereza zilionekana juu ya miti. Rafiki yangu alikuwa amechuchumaa, ameshika magoti yake.

"Sheikh," akasema taratibu, "maji yanakupwa saa ngapi?"

Nikafungua kitabu kutafuta jibu. Naapa nilifungua kitabu. Nilikuwa nimefika ukurasa wenyewe ndipo nilipokumbuka kwamba tulikuwa tumesimama juu ya ziwa, na kwamba ziwa lile halikupwa wala halikujaa tangu lilipoumbwa.

Landrova ya jeshi ilifika muda si mrefu. Wenzetu wa mihogo walikuwa wakirudi. Walituona, wakaiona na landrova, wakaendelea kutembea wakitafuna kana kwamba gati lile hawakuwahi kulikanyaga. Siwalaumu. Ningekuwa na muhogo mkononi na mimi ningepita.

Kapteni aliyeshuka alikuwa mtu mfupi, sare yake imenyooka, na sauti yake ilikuwa ndogo, jambo lililotutisha kuliko kama angepiga kelele. Aliyatazama maji kwa muda mrefu. Halafu akatutazama sisi, na mikono yangu, ambayo ilikuwa ya manjano mpaka kwenye viwiko.

"Nani naweka hii kitu ndani ya maji?"

Hapo ndipo damu ya pwani iliponiponza. Woga uliponishika, Kiswahili changu kilirefuka. Nilimwambia mheshimiwa afande kwamba hayo yalikuwa majaribio ya kielimu yenye nia ya kubainisha mwelekeo wa mkondo, na kwamba kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali hapakuwa na dhara lolote lililowahi kuripotiwa. Alinisikiliza kama mtu anayengoja treni ipite avuke reli.

"Wewe nasema kama radio," akasema. "Maji hii watu nakunywa. Ni sumu?"

"Si sumu, afande."

"Basi kunywa."

Askari mmoja akachota kwa kikombe cha bati. Nilikunywa. Nilikuwa nimesoma kwamba unga ule haumdhuru mtu, lakini nilikuwa nimekisoma katika kitabu kilekile kilichoniambia bahari itakupwa. Maji yalikuwa na ladha ya dizeli na tope. Askari waliutazama mdomo wangu, kisha shingo yangu, kisha tumbo langu, wakafuata safari yote. Nilipoona sijafa nilitaka kucheka, nikajizuia.

Kapteni aliridhika nami kwa wakati ule, akamgeukia mwenzangu.

"Wewe mrefu. Jina yako nani?"

Rafiki yangu aliangalia chini kama vile aliyeulizwa ni mwingine. Kapteni akauliza tena, kwa sauti ileile ndogo, na rafiki yangu akalitaja jina. Kapteni alilirudia kipande kwa kipande, kama anayejaribu kiatu. Mmoja wa askari aligeuza kichwa akamtazama rafiki yangu kwa namna mpya. Nilisikia maji yakigonga nguzo za gati chini yetu.

Kisha kapteni akaniuliza mimi rangi itatoka lini. Nikamjibu, kesho kutwa. Sijui kesho kutwa ilitoka wapi. Kesho ingekuwa mapema mno, wiki ingemkasirisha, na kinywa changu kilitoa neno lililokuwa karibu.

"Sawa," akasema. "Wewe mwalimu kwenda tafuta dawa ya kutoa rangi. Kesho kutwa mimi natazama maji. Maji ikiwa safi, chukua ndugu yako. Ikiwa bado..." Aliangalia mbele, kwenye maji ya kina, na sote tukaangalia huko.

Walimpandisha rafiki yangu nyuma ya landrova. Alipanda kwa utulivu, akainamisha kichwa kisigonge. Kabla hawajaondoka aliniambia jambo moja tu: "Mwambie mzee. Usimwambie mama."

Njiani kurudi nilikutana na kizuizi cha askari, na askari wa hapo aliiona mikono yangu kabla hata ya kuniomba kitambulisho. Aliuliza nimefanya nini. Nikasema mimi ni bwana harusi. Ilinitoka bila kufikiri; kwetu bwana harusi hupakwa hina, na rangi yangu haikuwa mbali sana nayo. Wakacheka wote. Mmoja akauliza mbona bwana harusi anatembea kwa miguu na suruali ina tope, mwingine akamjibu kwamba pengine bibi harusi amemkimbia. Wakanipongeza, wakataka kujua pilau ni lini, nami nikawaalika wote. Nilipovuka nilitapika kando ya barabara, na matapishi yaliwaka kijani. Baadaye nilipokwenda haja ndogo nikaona nako ni vilevile, nikasimama chooni nikiwa na hakika kwamba kapteni alikuwa sahihi na mimi ni maiti inayotembea.

Chumbani nilikisoma kitabu tena, safari hii hadi mwisho, kazi ambayo mwenyekiti mwenye akili angeifanya mapema. Dawa ya rangi ile haikuwepo. Kulikuwa na jambo moja tu linaloivunja haraka: jua kali. Jua likiyapiga maji ya juujuu, rangi hufa yenyewe. Nilitoka nje nikaangalia angani. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamejipanga kama ng'ombe wanaongoja kufunguliwa zizi. Ulikuwa msimu wa mvua.

Naguru nilifika jioni, mikono mifukoni. Sajenti alikuwa uani ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichoning'inizwa kwenye msumari. Mama wa rafiki yangu alitoka, akanisalimia kwa furaha, akaniuliza kama mwanawe anakula vizuri huko chuoni, maana safari iliyopita alikuja mbavu nje. Nikasema anakula. Akarudi ndani kunichukulia chai. Nikamweleza sajenti kwa maneno machache. Kiswahili changu kirefu kilikuwa kimeniishia kabisa.

Hakuacha kunyoa. Alipomaliza shavu la pili akasema hawezi kwenda Port Bell kumwulizia, kwa kuwa ataulizwa yeye ni nani, na jina la mwanawe ndilo lake. Akitokea yeye wataona wana watu wawili badala ya mmoja. Akanitazama kupitia kioo.

"Mwanangu, hiyo rangi inaondoka au haiondoki?"

"Jua likiwaka, mzee, inaondoka."

Alifuta wembe, akatazama juu. Mama alileta chai, nikainywa huku nimeshika kikombe kwa leso, nikasingizia ni cha moto.

Usiku mvua ilinyesha, na Jumapili kutwa haikuacha. Sikuweza kukaa chumbani nikitazama kitanda cha pili. Nikatembea bila kujua ninakokwenda mpaka sokoni Kalerwe, ambako niliikuta habari ya rangi yetu imeshatangulia. Mama mmoja muuza samaki alikuwa ameketi mbele ya beseni ambalo hakuna aliyelisogelea. Alinionya nisinunue samaki wa Port Bell, hata wake mwenyewe. Jirani yake wa nyanya alisema ni sumu ya maadui iliyoletwa ili mji ufe kwa kiu. Mwingine alisema ni mafuta ya meli. Yule mama wa samaki aliwaacha wamalize, halafu akaniinamia mimi, mtu asiyemjua, akanong'ona kwamba ni wale waliotupwa humo majini, sasa wameanza kutoa rangi. Alishtuka kwa kuwa amelisema. Akaanza kupepea nzi kwa bidii.

Nilirudi nikiwa nimelowa. Nilikuwa nikijiuliza ni watu wangapi wameshaisikia habari ya sumu, na ni mkubwa gani atakayeagiza kwamba lazima apatikane aliyeiweka. Aliyeiweka alikuwa amepatikana tayari. Alikuwa amefungiwa bandarini, na jina lake lilikuwa jawabu ambalo mkubwa yeyote angelipenda.

Jumatatu kulikucha na ukungu. Niliondoka mapema nikiwa nimebeba sahani nyeupe ya bati, ile ambayo chama kilitumia kupimia rangi ya maji, maana mtu aliyetumwa dawa hawezi kurudi mikono mitupu. Nilipofika karibu na gereza la Luzira ukungu ulianza kuachana vipande vipande, na jua likatoka. Lilikuwa jua la baada ya mvua, lenye kuuma mgongoni. Nikapunguza mwendo ili nilipe nafasi. Nikasimama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Sikutegemea nilichokiona. Rafiki yangu alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha walinzi, uso umevimba upande mmoja, amevaa fulana isiyo yake. Kapteni alikuwa ameketi kando yake. Kati yao kulikuwa na chai, na rafiki yangu alikuwa akichora kitu mchangani kwa kijiti. Nilipokaribia nikaona ni kijidudu cha majini, kimoja kati ya vile vya nyavuni mwetu, kimechorwa kikubwa kama kuku, miguu yote ikiwepo.

"Mwalimu," kapteni akasema, "leta dawa?"

Nikamwambia dawa ni jua, afande, na nikamwonyesha angani kwa sahani. Aliinuka akaenda mwishoni mwa gati, nasi tukafuata. Maji ya katikati yalikuwa ya kawaida, ya kahawia. Kwenye matete bado kulikuwa na kijani, hafifu, kama chai ya mchaichai. Kapteni alimwamuru askari achote, akayamimina kwenye sahani yangu nyeupe, akayazungusha.

"Bado iko," akasema.

Aliendelea kuyazungusha. Nilikuwa nikitazama kidole gumba chake kilichozama majini, na nakumbuka kuwaza kwamba kucha zake zilikuwa safi kuliko zangu.

Akaanza kueleza jambo, bila kututazama. Zamani, akiwa askari mdogo, alipelekwa ng'ambo kwa meli kufundishwa. Aliumwa tumbo safari nzima. Usiku mmoja alitoka juu kutapika, akaona maji yanayokatwa na meli yanawaka, nyota ndani ya maji, na alipotapika matapishi yake nayo yaliwaka. Alirudi nyumbani akawaeleza watu. Mke wake alisema alikuwa amelewa. Ofisa wake alisema alikuwa amelewa. Padri naye aliuliza alikunywa nini. Basi akaacha kulisema. Na sasa huyu mrefu, jana wakati wa mvua, bila kuulizwa na mtu, alimwambia kwamba rangi si kitu, kule baharini kuna vijidudu vidogo kuliko chembe ya chumvi vinavyowaka ukivitikisa.

"Mimi hapana lewa," kapteni akasema.

"Hukulewa, afande," nikasema. "Ni kweli vinawaka."

Akamwaga maji. Akaniuliza chama chetu kinakaa siku gani. Alhamisi, nikasema. Akauliza mkubwa wake ni nani. Nikasema mimi. Akatikisa kichwa: hapana, mkubwa kabisa, wa juu. Nikakumbuka kwamba tangu mhadhiri aondoke hatukuwa na mlezi, nikasema hatuna.

"Sasa iko," akasema, akanirudishia sahani, akamwashiria rafiki yangu anifuate.

Tulitoka bandarini mguu kwa mguu na rafiki yangu, na hatukukimbia, ingawa miguu yangu iliniomba. Hakutaka kuzungumza juu ya uso wake. Aliniambia tu kwamba Jumamosi waliompiga walikuwa askari, si kapteni, na kwamba alianza kusema habari za vijidudu kwa sababu alihofia akinyamaza ataulizwa habari za watu wa kwao. Tulipokaribia Naguru baba yake alikuwa amesimama penye njia panda, bila sare, na begi dogo. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Aliushika uso wa mwanawe akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. Kisha akasema basi la kwenda mpakani linajaa, twende.

Nikajaribu kueleza kwamba mambo yamekwisha, kwamba kapteni amekuwa mlezi wetu. Sajenti akaniambia kwa upole kwamba kapteni sasa analijua jina, na walio juu ya kapteni watalijua wakimwuliza. Rafiki yangu alinipa mkono, akauangalia ulivyo wa manjano, akasema, "Usisahau kuwaalika pilau, bwana harusi." Nilikuwa nimemsimulia njiani. Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake kwa miaka mingi. Yu hai, anakaa Mombasa, ana wajukuu, na ananiambia kwamba hajajifunza kuogelea.

Alhamisi kapteni alikuja kweli. Alimwacha askari mlangoni, akaketi kiti cha mbele, kofia juu ya goti. Wanachama tulikuwa watatu, mimi na wale wawili wa mihogo, ambao walikuja kwa kuwa sikuthubutu kuwaonya, na walipomwona hawakuthubutu kutoka. Nilizungumza juu ya vijidudu vinavyowaka. Sikumbuki nilisema nini. Nilipomaliza aliuliza maswali mazuri: kama vinawaka mchana pia, kama vinaungua, kama vinajua kwamba vinawaka. Kisha akageuka akatazama viti vilivyo nyuma.

"Yule mrefu iko wapi?"

"Amesafiri, afande."

"Wapi?"

Ningeweza kusema kijijini. Lakini kijijini kwao walikuwa na uwezo wa kwenda kumtafuta. "Mombasa," nikasema. "Kuiangalia bahari."

Wenzangu waliangalia meza. Kapteni alikigeuza kitambaa cha kofia yake, akakinyoosha.

"Na ruhusa ya kutoka nchi, nani napatia yeye?"

Alinipa nafasi ya kutafuta jibu, fupi au refu, akaona silipati.

"Mtu akiuliza," akasema, "sema mlezi natuma yeye. Kazi ya chama. Akirudi, mimi nataka kusikia kama bahari bado nawaka."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Kila Alhamisi alikuja, na kila Alhamisi, baada ya somo, aliuliza kama yule mrefu amerudi, nami nikajibu bado, afande, kazi ni kubwa. Sikujua kama alikuwa akitulinda au akituhesabu. Nilitayarisha masomo kama mtu anayetayarisha utetezi. Samaki wa kina kirefu, kaa, kasa. Nilimpa bahari yote niliyokuwa nayo katika vitabu, nikahofia siku itakapokwisha.

Halafu Alhamisi moja hakuja. Kiti chake kilikuwa mbele, tumekifuta vumbi kama kawaida. Tulingoja. Mmoja wa wale wawili aliniuliza kwa macho kama tuanze, nami nikashindwa kumjibu, kwa sababu tukianza bila yeye inaweza kuonekana tunajua kwamba haji, na kama tunajua, tumejuaje? Na tukienda kumwulizia, tutamwulizia kwa nani? Hatukufungua kitabu. Tulikaa tukiuelekea mlango mpaka mtunza jengo alipokuja kufunga madirisha, akaanza kuyafunga moja moja, polepole, bila kutuuliza kitu.